Ng'ombe wa Mama na Spika za Jirani

Spika za kanisa zilikuwa mbili, nyeusi, kila moja na kimo cha mtoto wa darasa la nne, na zote zilitazama kwetu. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Kanisa lenyewe lilikuwa nyumba ya mabati yenye pande nne kama nyumba yoyote. Upande mmoja palikuwa na barabara, wa pili fleti za kupangisha, wa tatu shamba la ndizi ambalo halina masikio. Lakini aliyezipanga zile spika alisimama, akawaza, akaamua kwamba wenye dhambi wakubwa wa mtaa huu wanaishi ng'ambo ya ua wa michongoma, yaani mama yangu mjane, mimi mwalimu mstaafu, na ng'ombe mmoja.

Nilikuwa nimerudi nyumbani mwaka huo, baada ya kustaafu. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili huko Mbeere chini, kwenye ukame, ambako kelele kubwa ya siku ni ya mbuzi aliyenaswa na miiba. Kwetu ni nje kidogo ya mji wa Embu, njia ya kwenda Manyatta. Nilipokuwa msichana hapa palikuwa kahawa tupu mpaka mtoni. Baadaye marehemu baba akauza kipande, jirani naye akauza chake, kahawa ikawa ploti, ploti ikawa fleti, na siku moja tukaambiwa kwamba tunakaa katika eneo la makazi. Nililipenda hilo neno. Nilidhani makazi ni mahali ambapo mtu hukaa.

Alfajiri, kabla jogoo wa mama hajajinyoosha, walikuwa na maombi. Saa kumi alasiri kwaya ilifanya mazoezi, siku zote za juma, na mpaka leo sijui ni mashindano gani hayo waliyokuwa wakijiandalia. Jumapili sitaki hata kuizungumzia. Na kabla ya wimbo wowote, fundi wa mitambo alishika maiki akaanza: "Halo, halo. Cheki. Wan, tu. Wan, tu." Halafu kishindo cha besi kinachotikisa vikombe kabatini. Hakuwahi kufika tatu. Nimewafundisha watoto wa kila aina, na hata yule mzito kabisa alifika tatu.

Nilimwendea pasta. Alikuwa kijana mpole wa suti ya rangi ya maji ya kunde, akanipa kiti na soda baridi.

"Pasta," nikamwambia, "huyu Mungu mnayemwomba ana shida ya masikio?"

"Hapana, Mwalimu. Mungu anasikia hata ukinong'ona."

"Sasa spika ni za nini?"

"Hizo ni za shetani, Mwalimu. Huyo ndiye lazima asikie."

Lilikuwa jibu zuri, na jibu zuri la mtu mwingine huniharibia siku nzima. Nikamaliza soda, nikarudi nyumbani.

Mama ni mtu wa kanisa la misheni. Kwao watu huimba wakisoma kitabu, na mtu akipiga makofi wenzake hugeuka kumtazama kama amepasua sahani. Hao majirani aliwaita "watu wa kuruka" na hakuwahi kukanyaga kwao hata kwa harusi. Kwa hiyo nilitarajia kwamba nikimweleza kuwa ninaenda kuwashtaki, atanitilia chai ya pongezi.

"Waache," akasema.

"Kwa nini niwaache?"

"Waache tu. Wamekula mtu?"

Nilidhani ni uzee, au huruma ya Kikristo, ambayo humpata mama mara mojamoja kama mafua. Sikumsikiliza.

Hapa sina budi kueleza habari ya ng'ombe, kwa sababu bila yeye hili lingekuwa shauri la kawaida la majirani. Dada yangu anakaa Meru mjini, mtaa wa Kinoru, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya vigae ambamo hata kandambili hupiga kelele. Kwa muda mrefu alitaka mama akakae naye. Alisema mwanamke wa umri ule hafai kuinama chini ya ng'ombe asubuhi na jioni, ipo siku atapigwa teke tumkute kwenye samadi. Dada hakuwa na ubaya, alikuwa na hofu. Krismasi iliyopita, ukoo ukiwa umekaa na nyama imeisha, aliileta hoja hiyo mbele ya watu wote.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa Kiembu, polepole, kama mtu anayetoa maagizo ya mazishi yake: "Huyu ng'ombe ni wangu wa mwisho. Akiwa anakamulika, sitoki hapa. Siku atakayoninyima maziwa, nitafunga mzigo wangu mwenyewe, na hakuna atakayenisukuma."

Watu wakaitikia, na dada akaitikia. Kwetu neno alilotamka mkubwa mbele ya ukoo halirudishwi mfukoni, na mama angekufa kabla hajalirudisha. Tangu hapo kila wiki alipeleka jerikeni ya maziwa kwa gari la Meru, dada aende kuipokea stendi. Aliyaita maziwa ya wajukuu, lakini kila mtu alielewa kwamba ulikuwa ujumbe: bado niko.

Basi nikazisoma kanuni za kelele jinsi nilivyozoea kusoma insha, kalamu nyekundu mkononi. Na zilikuwa nzuri, nakiri. Muziki wa vipaza sauti katika eneo la makazi usimsumbue jirani. Mchana una kipimo chake, na usiku una kipimo chake kidogo zaidi. Anayetaka kupiga mitambo awe na kibali, na kabla ya kibali majirani waulizwe. Niliwaza ni nani aliyeandika maneno matamu namna hiyo na alikuwa akikaa wapi, maana si Embu. Huku kila mtu ana spika. Anayeuza dawa ya panya ana spika, anayetafuta kura ana spika, anayeoa na anayezika pia. Hata mkutano wa kutuuliza maoni kuhusu kelele ulifanywa kwa spika nne, na mzee mmoja wa nyuma alilalamika kwamba hasikii vizuri.

Nikapeleka malalamiko yangu kwenye ofisi ya kaunti. Nilitumia lugha sanifu, na nadhani ndiyo iliyowatisha, kwa sababu afisa alikuja alasiri moja akiwa na kipimo cha sauti mfukoni, kadude kadogo kenye sifongo nyeusi kichwani. Alikuwa mtu wa adabu. Alimwita mama cucu, kama tunavyoita kila nyanya hapa kwetu, akakubali kikombe cha chai. Akaniambia kipimo huchukuliwa pale mlalamishi anaposumbuliwa zaidi, karibu na ua. Na mahali petu palipo karibu zaidi na ua ni zizi.

Kwa hiyo kelele za kanisa zilipimwa zizini. Afisa alisimama kwenye samadi na viatu vyake vya ofisi. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akikamua, paji la uso limebanwa ubavuni mwa ng'ombe, na kwaya ikimwaga besi vichwani mwetu. Maziwa yalikuwa yakishuka kwa nguvu, yakitoa povu. Ng'ombe alikuwa amefumba macho, akicheua.

"Mwalimu, hii kelele imepita kabisa," afisa akapaza sauti. "Mashine haidanganyangi." Kisha akamtazama ng'ombe. "Lakini hii ng'ombe imezoea, aki."

Mama hakuinua kichwa. Mimi nilicheka.

Kanisa lilipewa amri. Siku za juma wasiwashe mitambo bila kibali, na Jumapili spika zigeuzwe zitazame ndani. Pasta alitii siku hiyohiyo, jambo lililonishangaza, nikamheshimu kidogo. Kwaya ikahamishia mazoezi yake kwa muumini mmoja huko Manyatta.

Sijui nieleze vipi asubuhi ya kwanza. Nilisikia chai ikichemka. Nilisikia ndege ambaye sikujua kama bado tunaye. Nilikaa kwenye varanda kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba, nikamwita mama aje asikie kimya.

Mama alikuwa ametoka zizini. Alishika ndoo, na ndani ya ndoo maziwa yalikuwa yamefunika kitako chake tu.

Tulisema labda ni majani. Tukabadilisha nyasi za nepia anazolishwa. Alasiri hali ikawa ileile. Mama alipaka mafuta ya kukamulia, akambembeleza, akamsugua kiwele kwa maji ya moto, na ng'ombe akasimama akitazama ua wa michongoma kama abiria aliyeachwa na gari. Kiwele kilikuwa kimejaa, chuchu zimekaza, na tone haliji. Siku iliyofuata tulimwita daktari wa mifugo. Akampima joto, akamwangalia macho, akasema hana ugonjwa.

"Anazuia tu," akasema. "Ng'ombe akibadilishiwa kitu anazuia. Na akiendelea hivi atakauka, au kiwele kiingie ugonjwa. Ni nini mmebadilisha hapa?"

Mama akanigeukia. Sikuwahi kutazamwa hivyo tangu nilipovunja chungu cha nyanya.

Daktari alipoondoka ndipo nikaambiwa. Kila mfugaji wa mteremko huu huweka redio zizini. Hilo nililijua tangu utotoni, ng'ombe wa gredi, hawa wa kisasa, hushusha maziwa akisikia kitu anachokizoea, na wengine hawakubali mpaka wasikie mtangazaji wao. Mama naye alikuwa na redio yake. Lakini iliharibika mwaka ule kanisa lilipojengwa, na alipoona maombi yanaangukia wakati wa kukamua asubuhi na kwaya wakati wa kukamua jioni, hakuona haja ya kununua nyingine. Huyu ng'ombe alizaa ndama wake wa kwanza chini ya zile spika. Hakuwahi kukamuliwa bila wokovu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba ng'ombe wangu anakamuliwa na nyimbo za watu wa kuruka?" Alitazama kando. "Na watu wa kanisani kwetu misheni wakijua?"

Tulijaribu redio niliyoazima kwa fundi viatu. Ng'ombe alisikiliza taarifa ya habari akaanza kukojoa. Nilitafuta kwaya kwenye simu, nikaisogeza karibu na sikio lake, akailamba. Mama alisema haina kishindo, ng'ombe anataka kusikia kwa kwato.

Jerikeni ya wiki ile haikuenda Meru. Dada akapiga simu.

"Maziwa vipi?"

"Yapo," nikasema.

"Yako wapi?"

Sijui kudanganya kwa simu. Dada akasema Jumamosi atakuja na pikapu. Sauti yake haikuwa ya ushindi. Alisema kitanda kimeshatandikwa, na kwamba kwake ni kimya, isipokuwa siku za shughuli kwenye uwanja wa michezo ulio jirani, ambapo madirisha hucheza kidogo.

Mama alianza kufunga mzigo mwenyewe, kama alivyosema. Alikunja leso zake, akafunga sufuria kwa gazeti, akashusha picha ya baba ukutani, na pale ilipokuwa pakabaki mraba mweupe. Nilimwambia tumshawishi dada asubiri. Akasema neno ni neno. Halafu akaketi kitandani, mikono imeachiliwa mapajani, na hiyo mikono sijawahi kuiona imekaa bure.

"Sitaki kufa ghorofani," akasema. "Huko juu mtu akifa, chini wanasikia nini? Viti vikisogezwa tu."

Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Mpaka leo nasema nilikuwa na haki. Kanuni zilikuwa upande wangu, kipimo kilikuwa upande wangu, na zile spika zilikuwa ujeuri mtupu. Lakini nilimwogopea mama, na ile haki yangu yote haikuweza kujaza hata kikombe.

Nilirudi kwa pasta. Hakunicheka, ingawa alikunja midomo sana. Alisema angewasha hata sasa hivi, lakini amri ni amri, na kibali kitachukua muda. Nikampigia afisa nikamwambia nimeondoa malalamiko yangu.

"Mwalimu," akaniambia, "sheria si redio ati leo unawasha, kesho unazima. Kanisa liombe kibali, majirani waulizwe, tutaona."

"Na mtu akiimba kwa mdomo wake?"

"Mdomo bila mitambo, mchana? Hiyo haina shida. Kwani ni nani anataka kuimba?"

Nikakata simu. Pasta alikuwa amesikia yote. Akaingia ndani ya kanisa, akarudi na kayamba moja na ngoma ya kwaya, akanikabidhi.

Dada alifika Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Alimkumbatia mama kwa muda mrefu. Dereva akaanza kupakia mizigo. Saa kumi ilipokaribia, mama akachukua ndoo na kigoda.

"Acha nimuage," akasema. Kwetu ng'ombe haagwi kwa maneno, anaagwa kwa kukamuliwa.

Nikachukua ngoma na kayamba, nikamfuata. Dada akaja nyuma yetu akishika sketi yake juu ya samadi.

Nilikuwa nimehofia kwamba sizijui nyimbo zao. Lakini miezi yote ile nikiwa nimeziba masikio kwa mto, ziliingia. Nilizijua zote, beti zote, hata pale soprano alipokosea kila alasiri. Nilianza wimbo wa kwanza nikiipiga ile ngoma kwa kiganja. Nina sauti mbaya, nzito, iliyoharibiwa na chaki. Ng'ombe akageuza sikio moja. Mama akavuta chuchu. Hakuna kitu.

Nikabadilisha wimbo, nikaongeza kayamba. Hakuna kitu. Dada akasema polepole, "Wewe, umeingiwa na nini?" Niliendelea kupiga, kwa sababu nilikuwa nikiona mgongo wa mama, na mgongo huo ulikuwa umeanza kuinama kwa namna nyingine, ya mtu anayekubali.

Kisha mama akanena, kichwa bado ubavuni mwa ng'ombe.

"Hujaanza vizuri. Yule wa mitambo anaanzaje?"

Nilimtazama dada. Nilitazama fleti. Mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, niliyewachapia watoto mistari myekundu kwa kuandika cheki badala ya jaribu, nikashika kijiti cha ngoma mbele ya mdomo kama maiki.

"Halo, halo," nikasema. "Cheki. Wan, tu, thrii."

Ng'ombe, aliyekuwa ameinua kichwa, akakishusha.

"Hakuwahi kufika tatu," mama akasema kwa ukali.

"Halo, halo. Cheki. Wan, tu. Wan, tu."

Nikaipiga ngoma kwa nguvu zote nilizonazo. Ng'ombe akafumba macho. Nilisikia kwanza mlio mwembamba kwenye bati la ndoo, kisha mwingine, kisha ile sauti nzito ya maziwa yanapoangukia maziwa. Mabega ya mama yalikuwa yakitetemeka, na sikujua kama analia au anacheka mpaka aliponiashiria kwa kiwiko niendelee na ubeti wa pili.

Dada alisimama hadi ndoo ikajaa povu. Alinitazama, akamtazama mama, akafuta uso kwa kiganja. Kisha akatoka, nikamsikia akimwambia dereva ashushe mizigo, na atafute ile jerikeni.

Tangu siku hiyo mimi huimba mara mbili kwa siku, alfajiri na alasiri. Pasta husema nikitaka kuokoka mlango uko wazi, namwambia sina nafasi, nina kazi. Kanisa lake limekuwa tulivu kabisa. Kibali bado hajapata, na juzi afisa aliniambia kwamba katika mtaa wetu mlalamishi mpya amejitokeza, lakini hajalalamika juu ya kanisa.

Nilimfahamu. Ni mpangaji wa fleti, ghorofa ya pili, msichana mpole anayefanya kazi hospitalini na kulala mchana. Alasiri ya jana alifungua dirisha nikiwa katikati ya wimbo, nywele zimesimama, macho mekundu.

"Mwalimu, tafadhali," akaita. "Kuna watu tumelala huku. Na hii mtaa iko na sheria."

Mkono ukabaki juu ya ngoma. Nilizijua hizo sheria kuliko yeye. Nilijua alivyokuwa akihisi, mpaka kwenye meno. Nikageuka kumtazama mama.

Mama alikuwa chini ya ng'ombe, ndoo ikiwa nusu. Hakutazama dirishani.

"Ongeza sauti," akasema.